Mstari wa Vipande Vipande

Arusha ina Mnara wa Saa ambao kila mgeni huonyeshwa, na kila anayeuonyesha husema neno lile lile: hapa ndipo katikati, nusu ya safari kutoka Cape Town hadi Cairo. Ni dai zuri, na kwa mtu wa barabarani lina maana yake, maana barabara hujikunja na kila dereva ana hesabu zake. Mpelekee mtu wa ramani dai hilo hilo, naye atauliza kwanza: katikati kwa kipimo gani? Ukinyoosha uzi juu ya tufe kutoka Cape Town hadi Cairo, nusu yake haiangukii Arusha wala popote Tanzania. Inaangukia karibu na latitudo ya digrii 2 kusini na longitudo ya digrii 25 mashariki, ndani ya misitu ya Kongo, kati ya Kisangani na Kindu. Ukihesabu latitudo peke yake, nusu ya njia iko usawa wa Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Mtu wa ramani hana ugomvi na mnara wetu. Anachotaka ni kwamba dai likiandikwa, namna lilivyopimwa iandikwe kando yake.

Tabia hiyo ndiyo inayonifanya niwapende wapima na wachora ramani, hasa wale waliofanya kazi kaskazini na magharibi ya mji huu, ambako nchi yenyewe haitulii. Ukishaupita Mlima Meru na kushuka kuelekea Bonde la Ufa, unafika mahali ambapo ufuo wa ziwa husogea kwa majira, mlima hujaza shimo lake na kulitapika, na kilima cha mchanga mweusi kinatembea. Hao walitakiwa kuchora vitu hivyo kwa mistari, juu ya karatasi, na kuweka jina la serikali chini yake.

Lakini kabla ya kupima kinachohama, sharti uwe na kisichohama. Kwa nchi hii kitu hicho ni Meru.

Vitabu na vibao vinatofautiana kuhusu kimo chake. Kimoja kinasema mita 4,565, kingine 4,566, na siku hizi 4,562 nayo imeenea. Wengi huona hapo uzembe. Mimi naona historia. Kipimo cha zamani kilikuwa cha futi, 14,979, na futi hizo ukizigeuza kuwa mita unapata 4,565.6. Aliyekata desimali aliandika 4,565, aliyekamilisha akaandika 4,566. Mlima haujaongezeka mita. Ni watu wawili walioshika namba moja, kila mmoja akaimalizia kwa desturi yake. Hiyo 4,562 ni habari nyingine, inatokana na vipimo vya baadaye, na mita tatu au nne za tofauti kwenye kilele chenye upepo kama ule si aibu ya mtu yeyote.

Wapima wa kwanza wa Kizungu kufika huku hawakuwa na anasa ya kubishania mita nne. Gustav Fischer alipita bondeni mwaka 1883. Mwaka 1887 ulikuja msafara wa Samuel Teleki, na pamoja naye Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa akichora njia yao tangu pwani. Aliyefika kilele cha Meru kwa mara ya kwanza hutajwa kwa majina mawili, Carl Uhlig mwaka 1901 au Fritz Jaeger mwaka 1904, kutegemea unamwamini nani. Wote walitumia ufundi ule ule, na ufundi huo unastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ukiangalia vifaa vyao utadhani haiwezekani.

Msafara unatembea. Mpima ana dira, saa, daftari na penseli. Kila njia inapokata kona anasoma dira, anaandika saa na dakika. Umbali haupimwi kwa kamba. Unapatikana kwa kuujua mwendo wa wapagazi. Kwa hiyo kazi yote inasimama juu ya miguu ya watu waliobeba mizigo kichwani, na mpima mzuri ni yule aliyewajua: wanakwenda kasi gani asubuhi, wanapungua kiasi gani jua likipanda, mto ukivukwa unapoteza dakika ngapi. Majina ya wapagazi hao hayamo kwenye ramani, ingawa mwendo wao umo katika kila sentimita yake.

Jioni, kambini, yanaanza mambo ya anga. Latitudo si ngumu sana kwa aliyezoea: unapima nyota ilivyo juu inapokata kusini au kaskazini. Longitudo ndiyo iliyowatoa jasho. Inahitaji saa inayokumbuka wakati wa mahali pengine, na saa hiyo imebebwa wiki nyingi kwenye joto, vumbi na mitikisiko. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne. Saa ikikosea sekunde nne tu, wewe umehama karibu kilomita mbili kwenye ramani. Ikikosea dakika nzima, umehama zaidi ya kilomita 27, yaani umeuchukua mji wa Arusha na kuuweka ng'ambo ya Usa River.

Halafu kimo. Hapa ndipo ninapopenda zaidi, kwa kuwa kifaa chenyewe kinafanana na cha jikoni: sufuria ndogo, moto na kipimajoto. Maji huchemka kwa digrii 100 usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, maji yanachemka mapema. Kwa kukadiria, kila mita 300 zinapunguza digrii moja. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwa digrii 95 na kitu. Kileleni Meru ni karibu 85, na ndiyo maana chai ya huko juu haikolei vizuri. Sasa fikiria umakini unaotakiwa. Ukisoma kipimajoto vibaya kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, umekosea mita 30. Mtu huyo amelala vibaya, vidole vimekufa ganzi, upepo unazima moto wake, naye anainama kusoma sehemu ya kumi ya digrii kwa mwanga wa taa. Akimaliza anaandika pia hali ya hewa ya siku hiyo, kwa kuwa mvua ikikaribia hewa hubadilika na mlima utaonekana umepanda au umeshuka bila kuguswa.

Mlima ulio peke yake kwenye tambarare una faida moja kubwa: unaonekana kutoka mbali. Asubuhi njema, kabla mawingu hayajakaa, mtu aliye nyikani anaweza kuielekezea dira Meru, kisha Kilimanjaro, akachora mistari miwili kurudi nyuma, na pale inapokatana ndipo aliposimama. Longido, Gelai, Kitumbeine na Ol Doinyo Lengai viliongeza nguzo nyingine. Nguzo hizo hazikujengwa na mtu, lakini kuzitumia kulitaka hesabu isiyosamehe. Kutoka Meru hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kilomita 70 hivi. Ukikipima Kibo kwa darubini kutoka Meru na kusahau kwamba dunia ni mviringo, utakipunguzia kimo zaidi ya mita 300. Upindaji wa mwanga hewani nao unarudisha kidogo, na kiasi chake hubadilika asubuhi na mchana. Mpima anayajua yote hayo, na anapima tena kesho.

Madaftari yalipelekwa Berlin. Huko Richard Kiepert, na baada yake Paul Sprigade na Max Moisel, waliyaunganisha kuwa ramani ya koloni lote la Kijerumani kwa skeli ya 1:300,000, iliyochapishwa na kampuni ya Dietrich Reimer. Ukiitazama ramani hiyo kwa mara ya kwanza utaona kitu cha ajabu. Kandokando ya njia za misafara pamejaa: vijito, vijiji, vilima, maneno madogo yanayosema hapa pana maji, hapa ni nyika. Ukitoka nje ya njia hatua chache, karatasi ni tupu. Nimesikia watu wakicheka utupu huo. Mimi nauheshimu. Mchoraji aliyekaa na madaftari ya watu wengi yanayopingana, huku mkubwa wake akitaka ramani iliyojaa, alikuwa na kishawishi kikubwa cha kubuni vilima viwili vitatu ili pasibaki patupu. Hakubuni. Aliacha karatasi iseme kwamba hakuna aliyepita. Ndiyo, ramani ile ilikuwa chombo cha watawala, na mistari yake iliwatangulia wakusanya kodi na walowezi hapa hapa kwenye miteremko ya Meru, hilo halifutiki. Mkono uliochora ulikuwa mwaminifu kwa kazi yake hata hivyo, na mambo yote mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Ndege zilibadilisha kila kitu. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa imewarithi Wajerumani huku, iliunda ofisi moja ya upimaji wa makoloni, chini ya Martin Hotine, mtu aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye mnyororo mkubwa wa pembetatu unaofuata longitudo ya digrii 30 kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Picha zikapigwa kutoka angani, kila moja ikifunika sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, zaidi ya nusu. Kufunikana huko ndiko siri yenyewe. Ukiangalia picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti, jicho la kulia likiona hii na la kushoto ile, ardhi inasimama. Korongo linazama, kilele kinakufuata usoni.

Mchoraji wa kontua, ile mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, alikuwa na alama ndogo ya mwanga ndani ya mtambo wake. Anaiteremsha mpaka iguse ardhi ile anayoiona, anaifunga kwenye kimo kimoja, kisha anaitembeza huku akihakikisha haizami wala haielei. Alama inatembea, kalamu iliyounganishwa nayo inachora. Mstari wa kontua umezaliwa. Ni kazi ya macho na pumzi; mkono ukiharakisha, alama inazama kilimani. Na kwenye msitu wa Meru kuna mtego: picha haionyeshi ardhi, inaonyesha vichwa vya miti. Mchoraji alipaswa kujua miti ya mwinuko ule ina urefu gani, aupunguze, na atafute uwazi mmoja mdogo ambapo udongo unaonekana ili apate pa kujishikiza. Mawingu nayo yana ratiba yao. Meru huweza kujifunika siku nyingi mfululizo, na ndege haiwezi kungoja angani.

Matokeo ni karatasi za 1:50,000, kila moja ikifunika robo ya digrii kwa robo ya digrii, yaani kilomita 28 hivi kila upande. Ukipata karatasi za upande wa Momella, mashariki mwa Meru, ziangalie taratibu. Ukuta wa magharibi wa kreta una kontua zilizobanana hadi kuwa kivuli. Upande wa mashariki hakuna ukuta. Mlima ulimomonyoka na kuanguka maelfu ya miaka iliyopita, na kontua zinafunguka, zinateremka, kisha zinaanza kujikunja kuwa vilima vidogo vingi visivyo na mpangilio, na kati yake vimekaa vijiziwa vya Momella. Jiolojia yote ya janga lile unaisoma kwa mstari wa kahawia bila neno hata moja.

Sasa Ziwa Natron, lile lenye ufuo unaosogea.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 50 na zaidi na upana wa zaidi ya 20, na kina chake hakifiki mita tatu. Maana yake ni kwamba ni ziwa la bapa, na ziwa la bapa halina ufuo wa kudumu. Tuchukue mfano: ardhi ikiwa na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kumi, maji yakipungua nusu mita, ukingo unarudi nyuma mita 500. Mto Ewaso Ng'iro ukijaa kutoka Kenya, maji yanafunika. Kiangazi kikikaa, yanaacha magadi meupe, matope na mchanga. Usimame wapi uweke mguu wa theodolaiti useme hapa ndipo ziwa linapoishia?

Kutembea ufuoni hapo si mzaha. Katikati ya miaka ya 1950 mtaalamu wa ndege Leslie Brown, aliyekuwa amewaona heroe wakitaga katikati ya ziwa kutoka angani, alijaribu kuwafikia kwa miguu. Gamba la magadi lilivunjika, akazama kwenye tope, na chumvi zilimuunguza miguu hadi akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Basi mpima alibaki na picha za ndege, nazo zilikuwa na matatizo yake. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, maji yanayometa juani na magadi makavu vyote ni vyeupe. Na hata ukiyatofautisha, umepata ukingo wa siku moja, saa ile ndege ilipopita.

Hapo ndipo ulipozaliwa mstari ninaoupenda kuliko yote kwenye ramani: mstari wa buluu wa vipande vipande. Mstari mzima unasema maji yako hapa. Wa vipande unasema maji hufika hapa, kwa wakati wake. Ndani yake unawekwa mwingine, nukta za mchanga, alama za kinamasi, na mara nyingine neno linaloeleza kwamba panafurika. Mtu asiyejua ataona mchoraji alisitasita. Kwa kweli amefanya jambo gumu zaidi, kwa kuwa amechora kiasi cha kutojua kwake, na amekichora kwa usahihi. Yeyote anaweza kufunga duara na kuliita ziwa.

Ziwa lenyewe limewahi kuwa kubwa zaidi. Kuna mawe ya zamani yaliyojengwa na viumbe wadogo wa majini, yamekaa makumi ya mita juu ya maji ya leo. Na huko Engare Sero, kusini mwa ziwa, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoachwa kwenye majivu yenye maji kutoka Ol Doinyo Lengai, muda fulani kati ya miaka 19,000 na 5,760 iliyopita. Wataalamu wamezipima kwa picha nyingi zilizounganishwa kuwa umbo, kanuni ile ile ya macho mawili, isipokuwa hapa kinachochorewa kontua ni kisigino na kidole gumba.

Kuna kero moja ndogo ya Natron ambayo huwachekesha wapima. Longitudo ya digrii 36 inalikata ziwa, na hapo ndipo kanda mbili za gridi zinapokutana. Mtu akisimama juu ya mstari huo, gridi ya magharibi inamwambia yuko kilomita 833 na ushei mashariki ya sifuri yake, ya mashariki inamwambia 166 na ushei kutoka sifuri yake yenyewe. Zote mbili ni sahihi. Ongeza kwamba karatasi hizo za zamani zilijengwa juu ya msingi wa hesabu uitwao Arc 1960, wakati simu yako inatumia msingi mwingine, na tofauti yake huku kwetu inafika mita 300 hivi. Waongoza watalii vijana wanaonakili namba kutoka kwenye simu kwenda kwenye karatasi ya zamani bila kugeuza hujikuta upande usio wao wa korongo. Maelezo ya msingi huo yamechapwa pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ni ukaidi wa aina nyingine. Jaeger aliupanda mwaka 1904. Ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka 1940 na 1966. Tangu 1983 lava yake ya ajabu, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe baada ya muda mfupi, ilianza kujaza kreta ya kaskazini, mpaka mwaka 1998 ikafurika ukingo na kumwagika ubavuni. Kati ya 2007 na 2008 milipuko ikalifukua shimo upya. Mchoraji aliyechora sakafu bapa na mchoraji aliyechora shimo refu, wote walichora walichokiona. Bila tarehe, mmoja wao angeitwa mwongo.

Majivu ya mlima huo hupeperushwa magharibi, na karibu na Korongo la Oldupai yamejikusanya kuwa kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, upana wake mita kama mia moja, kimo chake hakifiki kumi. Upepo unasukuma chembe juu ya mgongo wa taratibu, zinafika kilele, zinaporomoka upande mkali, na kwa njia hiyo kilima kizima kinasonga mita 17 hivi kwa mwaka. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hiyo ni theluthi moja ya milimita, unene wa mstari. Mwaka mmoja hauonekani. Lakini kwa mwendo huo, karatasi iliyochorwa miaka 60 iliyopita ingekuwa imekiweka sentimita mbili kutoka mahali kilipo leo, na mgeni anayeifuata angefika kwenye majani matupu.

Waliokipima kilima hiki hawakuhitaji darubini wala ndege. Walisimika alama ardhini zenye mwaka juu yake, kila moja pale mchanga ulipokuwa, na mchanga ukaendelea na safari. Unaweza kwenda ukatembea kutoka alama moja hadi nyingine ukinyoosha kamba ya kupimia, ukagawanya umbali kwa miaka, ukapata mwendo wake mwenyewe. Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, usipande kwenye mgongo wake kwani nyayo huharibu umbo, na ukiandika namba yako usiache kuandika tarehe.